Kerneli ya Linux na Kazi ya Kubeba Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, ikapewa prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, ingawa vyote hivyo vimemegwa kutoka katika maunzi ya kompyuta inayoibeba. Mfumo endeshi unaowekwa ndani yake, uwe Linux, Windows au mwingine, hufanya kazi kana kwamba unamiliki mashine nzima, na watumiaji wake kwa kawaida hawaoni tofauti yoyote. Kwa njia hiyo seva moja yenye nguvu inaweza kubeba tovuti ya chuo, mfumo wa hesabu wa chama cha akiba na mikopo na hifadhi ya barua pepe za ofisi, kila kimoja katika mashine yake pepe, bila ya kosa la kimoja kuviangusha vingine.

Anayesimamia mgawanyo huo ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayozungumza moja kwa moja na maunzi na kuamua ni programu ipi itumie prosesa, kwa muda gani na kwa kiasi gani cha kumbukumbu. Kerneli ya Linux ina zaidi ya machaguo elfu kumi yanayoweza kuwashwa, kuzimwa au kurekebishwa, na sehemu ndogo ya machaguo hayo ndiyo inayoamua kama seva itabeba mashine pepe kwa kasi na usalama au kwa taabu. Makala haya yanaeleza machaguo makuu ya sehemu hiyo, yakionyesha kwamba kila chaguo lina faida na gharama yake, na kwa hiyo linapaswa kuwekwa kwa kuelewa na si kwa kunakili orodha iliyoandaliwa kwa seva ya mtu mwingine.

Asili ya uwezo huu

Wazo la mashine pepe lina umri wa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa IBM nchini Marekani waliunda mifumo ya CP-40 na CP-67, iliyowezesha kompyuta moja kubwa kuwahudumia watumiaji wengi huku kila mmoja akiwa na mashine yake, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatoa mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe kwa ufanisi. Sharti kuu lilikuwa kwamba kila amri nyeti, yaani amri inayogusa au kufichua hali ya mashine nzima, ikatizwe na kukabidhiwa kwa msimamizi, yaani programu inayoziendesha mashine pepe, pindi inapotolewa na programu isiyo na mamlaka.

Prosesa za aina ya x86, ambazo ndizo zilizoenea katika kompyuta za ofisini na katika seva, hazikutimiza sharti hilo. Mwaka 2000 watafiti John Scott Robin na Cynthia Irvine walionyesha kwamba prosesa ya Pentium ilikuwa na amri 17 zinazokwenda kinyume nalo. Kampuni ya VMware ilikwisha kulikwepa tatizo hilo mwaka 1999 kwa kuzifasiri amri nyeti wakati programu ikiendelea kufanya kazi, na mradi wa Xen wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliotolewa mwaka 2003, ukaukwepa mtego huohuo kwa kuibadilisha kerneli ya mashine pepe ili ishirikiane na msimamizi wake. Suluhisho la kudumu lilikuja pale watengenezaji wenyewe walipoongeza uwezo huo ndani ya prosesa, Intel mwaka 2005 kwa jina la VT-x na AMD mwaka 2006 kwa jina la AMD-V.

Mwezi Oktoba 2006 Avi Kivity, mhandisi wa kampuni ya Qumranet ya Israel, alitangaza KVM, programu inayotumia uwezo huo mpya wa prosesa, na mwezi Februari 2007 ikaingizwa rasmi katika toleo la 2.6.20 la kerneli ya Linux. Jambo lililoitofautisha KVM na mifumo mingine ni kwamba haikuleta msimamizi mpya wa kukaa chini ya mfumo endeshi, bali iliifanya kerneli yenyewe kuwa msimamizi. Mashine pepe ikawa programu ya kawaida miongoni mwa programu nyingine, kila prosesa yake pepe ikawa uzi wa utendaji unaopangiwa zamu na mratibu uleule wa kerneli, na kazi ya kuigiza vifaa kama diski na kadi ya mtandao ikaachiwa QEMU, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard. Matokeo yake ni kwamba karibu kila chaguo la kerneli linalogusa kumbukumbu, zamu za prosesa au mtandao linaigusa mashine pepe pia, na hiyo ndiyo sababu ya kuyachunguza machaguo hayo kwa makini.

Ngazi tatu za maamuzi

Machaguo ya kerneli huwekwa katika ngazi tatu, na msimamizi wa seva anayezichanganya hupoteza muda mwingi akitafuta tatizo mahali lisipokuwepo. Ngazi ya kwanza ni wakati wa kuijenga kerneli kutoka katika msimbo wake, ambapo kila sehemu hujengwa moja kwa moja ndani ya kerneli, hutengwa kama moduli, yaani kipande kinachoweza kupakiwa baadaye kinapohitajika, au huachwa nje kabisa. Maamuzi hayo huandikwa katika faili liitwalo .config, na mara nyingi hufanywa kupitia menyu inayofunguliwa kwa amri ya make menuconfig. Ngazi ya pili ni wakati wa kuiwasha kompyuta, ambapo kerneli hupewa maelekezo mafupi kupitia programu inayoipakia, kama GRUB. Ngazi ya tatu ni wakati kompyuta ikiwa kazini, ambapo thamani nyingi zinaweza kubadilishwa papo hapo kwa amri ya sysctl au kwa kuandika katika mafaili yaliyo chini ya /proc na /sys.

Wasimamizi wengi hawahitaji kabisa kuijenga kerneli upya, kwa kuwa matoleo ya Debian, Ubuntu na Red Hat huja na KVM ikiwa tayari kama moduli. Kwao kazi kubwa ni kukagua kilichopo, na hilo hufanyika kwa kusoma faili la usanidi lililohifadhiwa katika saraka ya /boot au, pale chaguo husika lilipowashwa, katika /proc/config.gz. Anayeijenga kerneli mwenyewe, kwa sababu ya maunzi ya pekee au kwa nia ya kupunguza sehemu zisizohitajika, anapaswa kuwa mwangalifu na amri ya make localmodconfig, ambayo huhifadhi moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Ikitumiwa kabla ya moduli za mashine pepe kupakiwa, kerneli mpya itazaliwa bila moduli hizo.

Machaguo ya msingi

Kabla ya kugusa kerneli ni lazima kuhakikisha kwamba prosesa ina uwezo unaotakiwa. Katika faili la /proc/cpuinfo alama ya vmx huonyesha uwezo wa Intel na alama ya svm huonyesha ule wa AMD. Hata alama hiyo ikiwepo, uwezo wenyewe unaweza kuwa umezimwa katika BIOS au UEFI, yaani programu ya awali inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, na hapo moduli ya KVM itakataa kupakiwa na kuacha ujumbe unaosema hivyo katika kumbukumbu za matukio za kerneli.

Uwezo ukishathibitishwa, chaguo la CONFIG_VIRTUALIZATION hufungua sehemu nzima ya menyu, CONFIG_KVM huleta msingi wa pamoja, na CONFIG_KVM_INTEL au CONFIG_KVM_AMD huleta sehemu inayolingana na prosesa iliyopo. Kuyajenga machaguo haya matatu ya mwisho kama moduli kuna faida ya kiutendaji, kwa sababu moduli inaweza kuondolewa na kupakiwa upya ikiwa na maelekezo mapya bila kuizima seva, mradi tu hakuna mashine pepe inayoendelea kufanya kazi. Alama ya mafanikio ni kuonekana kwa faili la /dev/kvm, ambalo ndilo mlango unaotumiwa na QEMU kuomba huduma za kerneli. Faili hilo lisipoonekana, QEMU bado inaweza kuendesha mashine pepe kwa kuigiza prosesa nzima kwa programu, lakini kwa kasi ndogo mno, na watumiaji wengi hulaumu seva kuwa dhaifu ilhali kosa liko katika chaguo moja lililosahauliwa.

Kumbukumbu

Hakuna eneo ambalo matokeo ya machaguo ya kerneli huonekana kwa uwazi kama katika kumbukumbu. Prosesa za x86 huigawa kumbukumbu katika kurasa, na ukurasa wa kawaida una kilobaiti 4. Mashine pepe yenye gigabaiti 16 kwa hiyo inahitaji kurasa 4,194,304, na kila mara programu inapotafuta data prosesa hulazimika kutafsiri anwani kupitia majedwali ya kurasa. Katika kompyuta ya kawaida yenye majedwali ya ngazi nne, tafsiri isiyokuwepo katika hifadhi ya haraka ya prosesa huhitaji kusoma kumbukumbu mara 4. Ndani ya mashine pepe, ambapo majedwali ya mgeni, yaani mfumo endeshi wa mashine pepe, nayo yanapaswa kutafsiriwa kupitia majedwali ya mwenyeji, yaani seva inayoibeba, idadi hiyo inaweza kufikia 24.

Dawa ya gharama hiyo ni kurasa kubwa. Kwa kutumia kurasa za megabaiti 2, mashine pepe ileile ya gigabaiti 16 huhitaji kurasa 8,192 tu, na kwa kurasa za gigabaiti 1 huhitaji 16, hivyo tafsiri nyingi zaidi hukaa katika hifadhi ya haraka na safari za kwenda kwenye kumbukumbu hupungua. Kerneli inatoa njia mbili za kufikia lengo hilo. Njia ya kwanza, inayotegemea chaguo la CONFIG_HUGETLBFS, ni kutenga kurasa kubwa mapema, ama kwa thamani ya vm.nr_hugepages wakati seva ikiwa kazini, ama kwa maelekezo ya hugepagesz na hugepages wakati wa kuiwasha, na njia hii ya kuwasha ndiyo ya kuaminika zaidi kwa kurasa za gigabaiti 1, kwa sababu kumbukumbu iliyokwisha kutumiwa kwa saa nyingi huwa imekatikakatika kiasi kwamba vipande vikubwa vinavyofuatana havipatikani kwa urahisi. Njia ya pili ni CONFIG_TRANSPARENT_HUGEPAGE, iliyoingia katika toleo la 2.6.38 mwaka 2011, ambayo huiachia kerneli yenyewe kazi ya kuunganisha kurasa ndogo kuwa kubwa bila programu kujua.

Njia hizi mbili hazifanani kwa gharama. Kurasa zilizotengwa mapema haziwezi kutumiwa na programu nyingine hata kama mashine pepe imezimwa, wala haziwezi kuhamishiwa kwenye diski kumbukumbu inapobana, kwa hiyo zinaifaa seva ambayo kazi yake pekee ni kubeba mashine pepe za ukubwa unaojulikana. Njia ya kujiendesha haihitaji hesabu yoyote ya awali, lakini kazi yake ya kuunganisha kurasa inaweza kuleta kusitasita kwa muda mfupi katika programu zinazodai majibu ya haraka, kama hifadhidata. Taasisi yenye seva moja inayofanya kazi mchanganyiko itafaidika zaidi na njia ya pili, na ile yenye seva kubwa za kupangisha itafaidika zaidi na ya kwanza.

Chaguo lingine la kumbukumbu ni CONFIG_KSM, lililoingia katika toleo la 2.6.32 mwaka 2009, ambalo huifanya kerneli itafute kurasa zenye maudhui sawasawa katika mashine pepe mbalimbali na kuzihifadhi mara moja tu. Seva inayobeba mashine pepe ishirini zenye mfumo endeshi mmoja inaweza kuokoa kumbukumbu nyingi kwa njia hii. Gharama yake ni muda wa prosesa unaotumika kutafuta kurasa hizo na, zaidi ya hapo, hatari ya usalama, kwa kuwa mashine pepe moja inaweza kupima muda wa kuandika katika ukurasa na kutambua kama mwenzake ana ukurasa unaofanana nao. Pale mashine pepe zote zinapokuwa za taasisi moja hatari hiyo inavumilika. Pale zinapokuwa za wateja wasiofahamiana, chaguo hilo linafaa kuzimwa.

Mtandao, diski na vifaa

Mashine pepe isiyofika kwenye mtandao haina faida kubwa. Chaguo la CONFIG_TUN huunda kadi za mtandao za kiprogramu ambazo QEMU huziunganisha na mashine pepe, na CONFIG_BRIDGE huunda daraja, yaani swichi ya kiprogramu inayoziunganisha kadi hizo na kadi halisi ya seva. Pale mashine pepe zinapokuwa katika mtandao wao wa ndani unaopitishiwa nje na seva, thamani ya net.ipv4.ip_forward sharti iwe 1, la sivyo pakiti za data zitaishia kwenye seva na msimamizi atahangaika bure na usanidi wa mashine pepe zenyewe.

Kuigiza kadi halisi ya mtandao au diski halisi kwa ukamilifu ni kazi nzito, kwa kuwa kila hatua ndogo ya kifaa humlazimu mgeni kusimama na kumkabidhi mwenyeji usukani. Rusty Russell alipendekeza njia nyepesi iitwayo virtio, iliyoingia katika kerneli mwanzoni mwa mwaka 2008, ambapo mgeni hujua kwamba kifaa chake ni cha kiprogramu na hubadilishana data na mwenyeji kwa mafungu kupitia foleni za pamoja. Machaguo ya CONFIG_VIRTIO_PCI, CONFIG_VIRTIO_BLK na CONFIG_VIRTIO_NET huwekwa katika kerneli ya mgeni na si ya mwenyeji, na hapa hutokea kosa la mara kwa mara: draiva ya diski isipojengwa ndani ya kerneli ya mgeni wala kuwekwa katika mfumo mdogo wa mafaili unaotangulia kupakiwa, mashine pepe itashindwa kuiona diski yake na itasimama kabla ya kumaliza kuwaka.

Kwa upande wa mwenyeji, CONFIG_VHOST_NET huihamishia ndani ya kerneli kazi ya kupitisha pakiti iliyokuwa ikifanywa na QEMU, na hivyo kupunguza mzunguko wa data. Panapohitajika kasi kubwa zaidi, kifaa halisi kinaweza kukabidhiwa chote kwa mashine pepe moja kupitia CONFIG_VFIO, lililoingia katika toleo la 3.6 mwaka 2012, pamoja na IOMMU, yaani sehemu ya maunzi inayokizuia kifaa kusoma au kuandika katika kumbukumbu isiyo yake. Katika seva za Intel sehemu hiyo huwashwa kwa maelekezo ya intel_iommu=on. Vifaa hukabidhiwa kwa makundi yanayopangwa na muundo wa maunzi, kwa hiyo kadi iliyo kundi moja na kifaa ambacho seva bado inakihitaji haiwezi kutolewa peke yake kwa usalama.

Kasi na usalama

Machaguo ya zamu na saa nayo yana uzito wake. Kerneli ya x86 inaweza kujengwa ili saa yake igonge mara 100, 250, 300 au 1000 kwa sekunde. Mapigo mengi huleta majibu ya haraka zaidi, na machache huacha muda mwingi zaidi wa kazi halisi, jambo linalofaa katika seva. Ndani ya mashine pepe, CONFIG_KVM_GUEST humwezesha mgeni kutumia saa anayopewa na mwenyeji, na hivyo kuepuka kupishana kwa muda kunakovuruga kumbukumbu za miamala na uthibitishaji wa watumiaji.

Hata hivyo, kasi haiwezi kutafutwa peke yake. Mwezi Januari 2018 ulimwengu ulifahamishwa udhaifu wa prosesa ulioitwa Meltdown na Spectre, na mwezi Agosti mwaka huohuo ukatangazwa ule wa L1TF, ambao katika prosesa nyingi za Intel uliweza kuiruhusu mashine pepe kusoma data iliyobaki katika hifadhi ya haraka ya kori, yaani kitengo cha utendaji cha prosesa, inayotumiwa pia na mwenyeji au na mashine pepe nyingine. Kerneli ilipata kinga, baadhi zikipunguza kasi, na tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 zipo njia za kuzizima kinga hizo zote kwa maelekezo mamoja ya mitigations=off. Ushauri wa kuweka maelekezo hayo husambaa kwa urahisi kwa sababu matokeo yake huonekana mara moja kwenye vipimo, lakini kwa seva inayobeba data za watu wengine ni kuuza siri za wateja kwa faida ndogo ya kasi. Hali ya kila udhaifu inaweza kusomwa katika saraka ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, na msimamizi makini huisoma kabla ya kukabidhi seva kwa watumiaji.

Funzo la pili lilitokea mwezi Septemba 2019, kosa lilipogunduliwa ndani ya vhost, ileile sehemu inayowashwa ili kuharakisha mtandao. Chini ya mazingira fulani wakati wa kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine, kosa hilo lingeweza kumruhusu mgeni kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu aliyopewa ndani ya kerneli ya mwenyeji. Marekebisho yalitolewa, na hakuna anayeshauri kuacha kutumia vhost kwa sababu hiyo. Linalodhihirika ni kwamba kila sehemu inayoingizwa ndani ya kerneli ili kuongeza kasi huongeza pia eneo la kulindwa, na kwamba seva inayobeba mashine pepe inahitaji masasisho ya kerneli kwa haraka kuliko kompyuta inayotumiwa na mtu mmoja.

Njia ya kufanya kazi

Utaratibu unaofaa ni kuanza na kerneli ya kawaida ya toleo lililochaguliwa, kupima kasi ya mashine pepe zikiwa na kazi zao halisi, kubadilisha chaguo moja tu, kisha kupima tena kabla ya kwenda kwenye jingine. Machaguo mawili yakibadilishwa kwa pamoja, hakuna awezaye kusema lipi lilileta nafuu na lipi lilileta madhara. Kerneli ya zamani inapaswa kubaki katika menyu ya kuwashia ili seva iweze kurudishwa katika hali yake ya awali pindi mpya inaposhindwa, na kila badiliko liandikwe pamoja na sababu yake mahali ambapo msimamizi mwingine ataliona.

Mashine pepe haiwezi kuwa imara kuliko kerneli inayoibeba, na kerneli haiwezi kuwa imara kuliko uelewa wa aliyeiandaa. Vijana wanaosomea teknolojia ya habari katika vyuo, pamoja na taasisi zinazowaajiri, hawana budi kuyachukua machaguo haya kama sehemu ya taaluma yao, kwa maana katika seva inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, wanafunzi au wanachama, chaguo ambalo hakuna anayeweza kueleza sababu yake linapaswa kuchunguzwa leo, kabla halijawa chanzo cha hasara.